Kaa wa Kuliwa na Wawili

Anayetaka kumtoa mwenzi wake jioni moja wakale vya baharini, wale kwa nafasi na kwa raha, aanze kwa kutazama mwezi. Mkahawa utafuata. Huku pwani bahari ina ratiba yake, na ratiba hiyo ndiyo inayoamua kama pweza utakayeletewa mezani ametoka mwambani asubuhi ya leo au ametoka kwenye friza alikolala wiki tatu. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu maji huwa mafu, hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Unguja, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia mita nne hivi, na miamba ambayo siku nyingine haionekani hubaki wazi hadi karibu na mahali mawimbi yanapovunjikia. Ndipo wanawake huingia na vijiti vyao na ndoo, wakichungulia tundu moja baada ya jingine. Mkahawa unaosema una pweza wa leo siku ya maji mafu huenda unasema kweli, kwa kuwa wako wazamiaji wanaomfuata kwenye kina, lakini mimi huuliza mara ya pili.

Baada ya mwezi, upepo. Wakati wa kaskazi, tangu Novemba hadi Machi, bahari hutulia, maji huwa maangavu, na ngalawa huvuka mlango wa mwamba bila hofu. Ni msimu wa jodari na nguru, na ni msimu ambao mzamiaji anaona anakokwenda. Kusi inaposhika, hasa Juni na Julai, wavuvi wadogo hubaki ndani ya mwamba, samaki hupungua na bei hupanda. Mume wangu na mimi tulioana Julai. Miaka ya mwanzo tuliadhimisha Julai kama cheti kinavyosema, upepo ukipeperusha vitambaa vya meza, na kila tulichonyooshea kidole kwenye menyu mhudumu akijibu, "Hiyo leo hakuna, mama." Sasa tarehe ya cheti tunaipa dua na chai nyumbani. Chakula tumekisogeza hadi kaskazi, kwenye bamvua, na siku hiyo tunaingoja kwa hamu kuliko tulivyoingoja ile ya kwenye cheti.

Raha ya vya baharini, kwa jinsi ninavyoijua, haitoki kwenye ukubwa wa hoteli wala kwenye bei iliyoandikwa mwisho wa bili. Inatoka kwenye kukipata kitu kikiwa katika wakati wake, na kukila polepole, kwa mikono, mbele ya mtu usiyemwonea haya. Mahali panapofaa ni pale panaporuhusu hayo yote mawili. Mengine ni mapambo. Na mapambo nayapenda, lakini sianzi nayo.

Mtazame pweza mwenyewe. Huishi mwaka mmoja hivi, akizidi ni kidogo. Hukua kwa kasi ya ajabu, kiasi kwamba mdogo wa leo, akiachwa miezi miwili mitatu, huwa mzito mara kadhaa. Jike hutaga mara moja tu maishani. Huyalinda mayai pangoni bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Kwa hiyo anayemwacha pweza mdogo hamkosi, anamngoja. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya miamba yao mwaka 2004, wakaifungua baada ya miezi kadhaa na kuvuna pweza wakubwa. Fikra hiyo ikasafiri. Leo wako watu wa Kisiwa Panza kule Pemba, na wa vijiji vingine vya visiwa vyetu, wanaoufunga mwamba na kuufungua kwa siku iliyotangazwa, kijiji kizima kikishuka pwani pamoja. Kanuni za uvuvi za Tanzania bara nazo zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500. Ukiletewa pweza ambaye minyiri yake ni myembamba kama kidole cha mtoto, huyo hakungojwa. Naupenda mkahawa ambao mhudumu wake anaweza kukwambia mwamba umefunguliwa lini na pweza huyu ametoka upande gani. Si lazima awe amesoma. Mara nyingi ni kwa sababu mama yake au shangazi yake ndiye aliyeingia majini.

Pweza mzuri hupondwa, hupondwa tena, kisha huchemshwa kwa moto wa taratibu hadi kijiti kimwingie, na hapo ndipo nazi na ndimu na pilipili huja. Mpishi mwenye haraka hawezi kumpika pweza. Ndiyo maana, tukiingia mahali tusipopajua, mume wangu huagiza pweza wa nazi kwanza, sahani moja ya kuonja, kabla ya kuagiza kitu kingine chochote. Pweza akiwa mgumu, tunamaliza soda zetu, tunalipa, tunaondoka na kwenda kutafuta chakula kwingine.

Wengi wakisikia kudekezana mawazo yao hukimbilia kambakoche. Sina ugomvi na kambakoche. Wa kwetu hana magando makubwa kama yule wa bahari ya baridi ya Marekani. Nyama yake karibu yote iko mkiani, na mkia huo ukipasuliwa katikati, ukapakwa siagi, kitunguu saumu na ndimu, ukawekwa juu ya mkaa kwa muda unaostahili na si zaidi, hakuna wa kuukataa. Lakini ni vizuri mtu ajue analipia nini. Huko kaskazini mwa Lamu, kuanzia Kiwayu hadi Kiunga, Wabajuni huzama kwa pumzi zao wenyewe, na mkononi hubeba kijiti ambacho mwisho wake amefungwa pweza. Pweza ni adui wa kambakoche. Anaposogezwa kwenye tundu, kambakoche huruka nje, na mzamiaji humdaka. Yote haya hufanyika ndani ya pumzi moja, kisha mtu hupanda juu, hupumua, hushuka tena, asubuhi kutwa. Bei ya kambakoche kwenye menyu hunitisha kila mwaka, na kila mwaka nikimkumbuka mzamiaji huyo naona si bei kubwa. Kinachonisumbua ni kwamba sehemu ndogo sana ya bei hiyo ndiyo inayomfikia.

Kambakoche aliyefika jikoni akiwa hai, mkia wake hujikunja akipikwa na nyama hubana. Aliyekaa, nyama hulegea na kuvurugika mdomoni, na hakuna siagi inayoweza kuficha hilo. Jike mwenye mayai yamemjaa chini ya mkia ni wa kurudishwa baharini. Mkahawa ukimuuza, nenda zako. Na hata akiwa bora wa bora, bado nina la kusema juu yake kwa watu wawili. Kambakoche huja amepasuliwa nusu kwa nusu, kila mmoja na nusu yake kwenye sahani yake, na uma pembeni. Dakika kumi amekwisha. Mmeketi mkila chakula kimoja, na bado kila mtu amekula peke yake.

Pa kulia sasa. Sisi wa pwani tumejaliwa mahali pa kushangaza, na ningemwonea huruma mtu ambaye ndoa yake imefika miaka mingi bila kumpeleka mwenzake hata mahali pamoja. Diani iko Ali Barbour's, mkahawa uliomo ndani ya pango la matumbawe linalokisiwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 100,000. Unateremka chini ya ardhi, unaketi, na juu ya kichwa chako pango limefunguka hadi angani, nyota zikionekana. Ni pa kumpeleka mtu unayeanza naye, au mtu uliyeishi naye sana na mnataka kuonana upya. Mwanga wake ni wa mishumaa na taa ndogondogo, na hilo ndilo linaloamua uagize nini. Samaki mwenye miiba humtaka mlaji aone. Pangoni nitaagiza kamba, ngisi, au mnofu wa nguru usio na mwiba, na changu mzima wa kupaka nitamwacha hadi siku ya kula mchana.

Mombasa, juu ya genge la Nyali, iko Tamarind, matao yake meupe yakitazamana na Bandari ya Kale ng'ambo ya maji. Hapo kamba wa pilipili ndio sifa ya nyumba. Jahazi nalo liko, hung'oa nanga jioni na kuuzunguka mkondo huku watu wakila na taa za Mji wa Kale zikipita pembeni. Kwa wawili ningechagua meza ya ukingoni kabla ya jahazi, kwa sababu ambayo haihusu chakula: jahazini mko na watu, mna sherehe, na sherehe ina sauti yake. Yako maneno ambayo wenzi huyatunza mwaka mzima ili wayaseme siku hiyo, na maneno hayo hayasemwi kwa kupaza sauti.

Unguja, upande wa mashariki, Michamvi Pingwe, mkahawa wa The Rock umeketi juu ya jiwe ndani ya bahari, mahali palipokuwa kituo cha wavuvi. Maji yakipwa unaufikia kwa miguu; yakijaa unavushwa kwa mashua. Meza ni chache, kwa hiyo nafasi huwekwa mapema sana, na wanaoweka nafasi wengi wao hawajui kuwa siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Anayejua ataomba meza ya saa sita mchana. Atakwenda akitembea mchangani, ameshika viatu, na mwenzake amemshika mkono kwa kuwa mawe yana utelezi. Watakula huku maji yakipanda pande zote. Na wakimaliza watarudi kwa mashua. Huo ni mlo ambao bahari imeupangia mwanzo na mwisho, na haukuongeza hata shilingi kwenye bili.

Kwa walio na mfuko mwepesi, au walio na umri wa kuona kusimama si taabu, iko bustani ya Forodhani, Unguja. Bustani ile ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na jioni meza hupangwa, taa huwashwa, mishikaki ya samaki na minyiri ya pweza na magando ya kaa hupangwa kwa safu. Fika mapema, chagua kwa jicho lako, omba kirudishwe motoni mbele yako, kisha nendeni mkaketi kwenye ukuta wa bahari na vijana wanaoruka majini. Nimewaona pale wazee wawili, bibi na bwana, wakigawana gando moja kwa muda mrefu kuliko wengine wanavyokaa hotelini kwa chakula cha kozi tano.

Ninapoingia mahali papya vipimo vyangu ni vidogo, na vyote vinahusu mikono. Nauliza pa kunawia pako wapi. Wakileta bakuli la maji ya vuguvugu lenye vipande vya ndimu, bila mimi kuomba, najua wamezoea watu wanaokula kwelikweli. Wakileta kisu na uma kwa ajili ya kaa, naogopa. Natazama kitambaa cha meza: kikiwa cheupe mno kwa namna ya kumtisha mlaji, mtu atakula akijilinda, na anayejilinda hali, anaonja. Halafu naomba sinia moja badala ya sahani mbili. Mikahawa mingine hushangaa, mingine hucheka na kuleta. Babu yangu na bibi yangu walikula sinia moja maisha yao yote. Babu alikuwa akichambua tasi, akiutoa mwiba wa katikati mzima mzima, na mnofu wa tumboni, ule wenye mafuta, akiusogeza kwa kidole hadi upande wa bibi. Hakusema neno. Bibi naye hakushukuru. Aliula, kisha akamsogezea wali uliolowa mchuzi. Sijaona mapenzi yaliyo wazi kuliko hayo, na kwenye sahani mbili yasingekuwa na pa kupitia.

Hayo ndiyo yanayonifanya nimtangulize kaa. Namsema kaa wa mikokoni, yule mkubwa wa rangi ya tope, anayeishi kwenye mashimo ya matope na kuvuliwa kwa kijiti chenye ndoano na mtu anayejua kusoma mlango wa shimo. Huweza kupita kilo moja kwa urahisi. Kaa haliwi upesi, haliwi kwa adabu za mezani, na haliwi vizuri na mtu mmoja. Mtu mmoja akimkabili kaa hupigana naye. Wawili hugawana kazi.

Na mahali pa kumla, kwa maoni yangu, ni Dabaso, Watamu, ukingoni mwa Mkondo wa Mida. Iko pale Crab Shack, mkahawa wa mbao unaoendeshwa na kikundi cha wanakijiji wanaotunza mikoko. Unaufikia kwa kupita daraja jembamba la mbao katikati ya miti, mizizi ikiwa imejipinda chini yako, matope yakitoa harufu yake ya chumvi na majani. Kikundi hicho hufuga kaa pia: wale wadogo huwekwa kwenye vizimba mikokoni, hulishwa hadi wakue. Kila mmoja hutengwa na mwenzake, kwa kuwa kaa hula kaa. Mkondo wenyewe umo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, na Watamu pamoja na Malindi zilitengwa mwaka 1968. Ng'ambo ya barabara kuu uko msitu wa Arabuko-Sokoke, na magofu ya Gede hayako mbali. Msimu wa kaskazi ndege wahamiaji hujaa kwenye tope, akiwemo mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye chakula chake ni kaa. Unakula, na mita mia kutoka hapo yeye naye anakula.

Tunaanza na sambusa. Sambusa za kaa za Dabaso zimepata jina, na jina hilo ni la haki: manda nyembamba, ndani nyama tupu ya kaa iliyochambuliwa kwa mkono, na mtu aliyewahi kuchambua nyama ya kaa anajua bakuli moja hula asubuhi nzima ya mtu. Zinaliwa zikiwa moto. Kisha anakuja kaa mwenyewe.

Mume wangu humpindua kwanza. Anatazama kifuniko cha tumboni: kikiwa chembamba cha pembe tatu, ni dume, na dume ana magando makubwa, kikiwa kipana cha mviringo, ni jike. Akiwa bado hajapikwa, na mpishi akikuruhusu uchague, bonyeza gamba la chini karibu na mguu wa mwisho. Likibonyea, kaa huyo amejivua gamba juzi na ndani ana maji. Likikaa imara, amejaa. Fundi mmoja wa kaa wa huko alituonyesha hivyo akisema, "Mzee, usimnunue kwa ukubwa. Kuna mkubwa mtupu." Mume wangu alilichukua neno lile kwa uzito wake wote, na tangu siku hiyo yeye ndiye mbonyezaji.

Akishapikwa kwa nazi, tangawizi na pilipili, gamba la juu huvuliwa kwa kulivuta kutoka nyuma. Yale mashavu ya kijivu pembeni hutupwa. Kilichobaki kwenye gamba, ule uji wa manjano na mchuzi wa nazi ulioshuka ndani yake, ni wangu. Tuliafikiana zamani, na sikumbuki ilikuwaje. Mwili hukatwa katikati, na kila chumba kidogo cha mfupa mwembamba kina ncha ya nyama ambayo haitoki kwa nguvu, hutoka kwa kidole cha mwisho au kwa ncha ya mguu wa kaa mwenyewe. Magando ni kazi ya mume wangu. Hayapondi, anayagonga mara moja kwa mpini wa kisu mahali pa kiungo, ufa unatembea, na gando linafunguka na nyama yake ikiwa nzima. Ananinyooshea mkono. Mikono yetu wakati huo imejaa mchuzi hadi kwenye viganja, simu haiwezi kushikwa, na hakuna anayeitamani. Mazungumzo huja kwa vipande. Mtu husema jambo, hunyamaza akihangaika na mguu mmoja, na mwenzake hana haraka ya kumjibu kwa sababu naye anahangaika. Mambo mazito ya nyumba yetu, la mtoto kwenda kusoma mbali, la mama mkwe wangu kuja kuishi nasi, tuliyazungumza juu ya kaa. Sidhani tungeyaweza tukiwa tumeketi kutazamana na mikono mitupu.

Siku za bamvua, kama nilivyosema, maji hujaa saa kumi. Kwa hiyo anayefika Dabaso saa kumi na moja huyakuta yanaondoka: yanashuka kwenye mizizi, ukingo wa tope unatokea, kisha kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanaanza kutoka mashimoni kwa maelfu. Jua huzama ng'ambo ya mkondo. Pigeni picha mapema kama mnataka picha, kabla chakula hakijafika.

Nimegusia hela, na sitaki kuliacha jambo hili hewani. Kwenye soko la samaki, Mombasa au Malindi au popote, samaki mkubwa mara nyingi ameshauzwa kabla hajavuliwa. Yuko mtu anayeitwa tajiri, aliyemkopesha mvuvi nyavu au mashine, na mvuvi analazimika kumpelekea yeye, kwa bei ya tajiri. Samaki wadogo ndio wanaobaki kwa kina mama karanga, wale wanaokaanga na kuuza mitaani, ambao ndio wanaolisha mji. Kaa na kambakoche na pweza mkubwa huenda hotelini au hupanda ndege. Wawili wanaoketi mezani kujifurahisha wameketi mwisho wa mnyororo huo, wapende wasipende. Siamini kwamba dawa ni kuacha kula. Naamini dawa mojawapo ni kuchagua mahali ambapo mnyororo ni mfupi, ambapo aliyemtunza kaa, aliyempika na anayepokea hela yako ni majirani. Starehe ninayoila pale hainikai tumboni kwa uzito. Nadhani mume wangu anaona vilevile, ingawa yeye husema ni nazi tu, kwamba nazi ya Dabaso inakunwa papo hapo.

Kuna samaki ambao siwaagizi hata wakiwa wabichi na bei yao ikiwa nzuri. Pono ni mmoja. Hutafuna matumbawe yaliyokufa na kutoa mchanga, na hulinyoa jiwe majani ili matumbawe mapya yashike. Papa ni wa pili, kwa kuwa huchelewa kuzaa na wamebaki wachache. Mchuzi wa papa niliula utotoni na nilikuwa naupenda. Siku hizi nikiutamani natumia taratibu na viungo vilevile kwa kolekole.

Mwaka huu bamvua inatuangukia katikati ya Januari, siku ya kazi, na tumeomba ruhusa sote wawili. Tutatoka Mombasa kabla ya adhuhuri, tupite daraja la Kilifi, tununue korosho za njiani, tufike Dabaso jua likiwa bado juu. Nimeshapiga simu. Tumeagiza kaa wawili, dume kwa ajili ya magando na jike kwa ajili yangu, sambusa dazani moja kwa kuwa tutabeba nyingine za watoto, wali wa nazi, na kachumbari isiyo na siki. Nimeuliza kama wana sinia, na yule binti wa simu akajibu, "Lipo, mama, la harusi." Tumebishana jambo moja tu. Mume wangu anataka pilipili ipikwe ndani ya mchuzi. Mimi nataka iletwe pembeni, kila mtu ajipimie. Hilo tumemwachia mpishi.